Ubashiri wa Nafasi ya Mtahiniwa katika Udahili wa Vyuo Vikuu Nchini Kenya kwa Kutumia Matokeo ya KCSE

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kiwango ambacho matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Elimu ya Sekondari nchini Kenya (KCSE) yanaweza kutumiwa kubashiri nafasi ya mtahiniwa katika ushindani wa kuingia chuo kikuu. Hoja kuu ni kwamba ubashiri huo una hatua mbili zinazochanganywa mara kwa mara: kukadiria alama za klasta kutokana na gredi, na kukadiria alama kikomo ya programu kutokana na mwaka uliotangulia. Kosa la hatua ya kwanza linaweza kukokotolewa na kuwekewa mipaka. Kosa la hatua ya pili hutokana na mgawanyo wa matokeo ya kundi zima la watahiniwa, na ndilo kubwa zaidi.

Utangulizi

Tangu KCSE ilipofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 chini ya mfumo wa 8-4-4, mtihani huu umebeba kazi mbili zisizolingana. Kwanza, unathibitisha kuwa mwanafunzi amehitimu elimu ya sekondari. Pili, unampanga mwanafunzi huyo katika foleni ya kitaifa ya kugombea nafasi za shahada. Kwa kazi ya kwanza gredi inatosha. Kwa kazi ya pili gredi haitoshi, kwa sababu foleni inataka kujua nani yuko mbele ya nani, na gredi kumi na mbili haziwezi kuwatenganisha mamia ya maelfu ya watu.

Hadi Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilipotungwa, kazi ya kuwapanga wanafunzi ilikuwa ya Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB), ambayo ilitazama vyuo vya umma na kufungwa mikono na idadi ya vitanda katika mabweni. Sheria hiyo iliunda chombo kipya, KUCCPS, kinachowapanga wanafunzi katika vyuo vikuu na vyuo vya kati. Kwa miaka mingi watahiniwa walichagua programu kabla hata ya kuketi mtihani, kisha wakapewa fursa ya kurekebisha machaguo baada ya matokeo kutoka. Mwanafunzi wa kidato cha nne alilazimika kubashiri mara mbili: atapata gredi gani, na gredi hiyo itamfikisha wapi. Ubashiri wa kwanza ni kazi ya mwalimu wa darasa na mitihani ya majaribio. Makala haya yanahusu ule wa pili.

Jambo hili lina uzito kwa familia. Mwanafunzi anayejikadiria juu kupita kiasi hupoteza machaguo yake kwa programu asizoweza kupata na huishia kupangiwa kozi ambayo hakuiwazia. Anayejikadiria chini hupatwa na hasara isiyoonekana katika takwimu yoyote, maana huchagua kozi iliyo chini ya uwezo wake, akaipata, na hakuna anayejua kuwa angeweza kupata nyingine. Hasara hii ya pili haijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya udahili, pengine kwa sababu mwenye kuipata huwa hana la kulalamikia.

Kanuni ya alama za klasta

Kila programu ya shahada imewekwa katika klasta yenye masomo manne. Kwa udaktari wa binadamu, kwa mfano, masomo hayo ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Kila gredi ina pointi, kuanzia 12 kwa A hadi 1 kwa E, na kiwango cha chini cha kustahili shahada ni wastani wa C+. Kanuni inayofundishwa shuleni na kutumiwa na vikokotoo vingi ni hii:

A = 48 × √[(r ÷ 48) × (t ÷ 84)]

ambapo r ni jumla ya pointi za masomo manne ya klasta, na t ni jumla ya pointi za masomo saba yanayotoa gredi ya jumla. Namba 48 na 84 ni viwango vya juu kabisa vya jumla hizo.

Kanuni hii huwatisha wanafunzi kwa sababu ya alama ya kipeuo, ilhali kiini chake ni chepesi. Ikiandikwa upya inakuwa A = √(r × 4t/7). Kiasi 4t/7 ni wastani wa mtahiniwa ukizidishwa kwa nne, yaani jumla ambayo masomo manne yangetoa kama kila moja lingelingana na wastani wake wa jumla. Kwa hiyo A ni wastani wa kijiometri wa vitu viwili: ubora wa mtahiniwa katika masomo ya kozi anayoitaka, na ubora wake kwa ujumla.

Chukua mtahiniwa wa kubuni mwenye Hisabati B+ (10), Kiingereza B (9), Kiswahili A- (11), Biolojia A- (11), Kemia B+ (10), Fizikia B (9) na Historia A (12). Jumla ni 72, na gredi ya jumla ni B+. Kwa klasta ya udaktari, r = 11 + 10 + 10 + 11 = 42, na 4t/7 ni 41.143. Wastani wa kijiometri wa namba hizo mbili ni 41.569. Wastani wa kawaida ni 41.571. Tofauti ni elfu mbili za alama moja, kiasi ambacho hakina maana yoyote kwa mwombaji.

Kutokana na hilo, kwa mtahiniwa ambaye masomo yake hayajapishana sana, kanuni inaweza kubadilishwa kwa makadirio ya mkono: A ni karibu sawa na nusu ya r ukiongeza mbili ya saba ya t. Makadirio haya yanadhihirisha kitu ambacho kipeuo kinakificha. Pointi moja ikiongezeka katika somo la klasta, inahesabiwa mara mbili, ndani ya r na ndani ya t, na inapandisha A kwa takriban 0.79. Pointi moja ikiongezeka katika somo lililo nje ya klasta inapandisha A kwa takriban 0.29 tu. Kanuni kamili inathibitisha: Kemia ya mtahiniwa huyu ikipanda hadi A-, alama zake zinafika 42.352, ongezeko la 0.783; Fizikia ikipanda hadi B+, zinafika 41.857, ongezeko la 0.288. Somo la klasta lina uzito wa karibu mara tatu ya somo lisilo la klasta, na hilo ndilo jambo ambalo mwalimu wa ushauri angepaswa kulieleza tangu kidato cha pili, wakati wa kuchagua masomo, badala ya kungoja kidato cha nne.

Makadirio ya mkono huharibika pale masomo yanapopishana sana. Mtahiniwa mwenye r ya 44 na t ya 60 hupata 38.840 kwa kipeuo na 39.143 kwa wastani wa kawaida. Kipeuo kinamwadhibu kidogo mwanafunzi aliyeng'aa upande mmoja tu.

Kinachofichwa na gredi

Hadi hapa ubashiri unaonekana kuwa hesabu tupu. Hata hivyo, watahiniwa wawili wenye gredi zilezile katika masomo yaleyale huweza kupewa alama tofauti za klasta, na wengi huona kuwa alama walizopewa hazilingani na zile walizokokotoa wenyewe. Si kosa la mashine. Upangaji hutumia kielezo cha ufaulu kinachotokana na alama ghafi zilizo ndani ya gredi, na kielezo hicho hakichapishwi katika hati ya matokeo, ambayo huonyesha gredi peke yake.

Ulazima wa kielezo hicho unaweza kuonyeshwa bila kuingia ndani ya ofisi yoyote. Mtahiniwa mwenye C+ au zaidi ana t kati ya 46 na 84, yaani thamani 39. Jumla r ina thamani zisizozidi 45, kuanzia 4 hadi 48. Jozi zote zinazowezekana za r na t haziwezi kuzidi 1,755, na nyingi kati yake hazitokei kamwe. Katika KCSE ya mwaka 2023 watahiniwa 201,133 walipata C+ na zaidi. Wakigawanywa kwa usawa katika jozi hizo, kila jozi ingebeba zaidi ya watu 114. Kwa kuwa hawagawanyiki kwa usawa, baadhi ya jozi zingebeba maelfu. Kanuni ya pointi pekee, kwa hivyo, haiwezi kutoa foleni. Ingetoa makundi makubwa ya watu waliofungana, na programu yenye nafasi hamsini isingekuwa na njia ya haki ya kuchagua miongoni mwao.

Kwa mbashiri, swali ni ukubwa wa kosa linalotokana na kutojua kielezo. Ikichukuliwa kuwa kila gredi inawakilisha ukanda wa nusu pointi juu na nusu pointi chini, isipokuwa A ambayo haivuki 12, basi alama za mtahiniwa wa mfano zinaweza kuwa popote kati ya 39.569 na 43.425. Ukanda huo wa karibu alama nne ni mpana mno. Lakini miisho yake inahitaji mtahiniwa awe ukingoni mwa gredi katika masomo yote kwa pamoja, jambo lisilo la kawaida. Ikidhaniwa kuwa nafasi ya mtahiniwa ndani ya gredi ya somo moja haitegemei nafasi yake katika somo lingine, mkengeuko wastani wa kosa ni karibu nusu alama. Dhana hiyo nayo si kamilifu: mwanafunzi aliyekosa A kwa alama moja katika Kemia ana uwezekano wa kuwa karibu na ukingo wa juu katika Biolojia pia, na uhusiano huo hupanua kosa. Makadirio ya busara ni kusema kuwa alama zilizokokotolewa kwa gredi zinaweza kukosea kwa alama moja kuelekea upande wowote bila kumshangaza mtu.

Alama moja si kitu kidogo pale ambapo waombaji wamesongamana. Ndiyo maana kikokotoo kinachotoa jibu lenye desimali tatu, bila kutaja ukanda wa kosa, kinampa mwanafunzi uhakika asiostahili kuwa nao. Mfumo wa maombi wenyewe humwonyesha mwombaji alama zake za klasta baada ya matokeo, na kwa aliyefikia hapo hatua hii ya kwanza inakuwa imekwisha. Wanaobaki gizani ni wale wanaopanga mapema, na wale wa shule zisizo na mtu wa kuwaelekeza.

Alama kikomo ni tokeo

Mwombaji akishajua alama zake, huzilinganisha na alama kikomo ya mwaka uliopita. Hapa ndipo ubashiri mwingi huvunjika. Alama kikomo haiwekwi na chuo kabla ya maombi kama vile kiwango cha kustahili kinavyowekwa. Ni alama ya mtu wa mwisho aliyepata nafasi. Huzaliwa na mambo matatu: idadi ya nafasi, idadi ya walioiomba programu hiyo, na ubora wa waombaji hao. Mojawapo likibadilika, kikomo hubadilika, hata kama hakuna mtu aliyefanya uamuzi wowote kukihusu.

Mfano mkali zaidi ni wa miaka ya 2015 na 2016. Katika KCSE ya 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata A, na matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa udanganyifu. Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani (KNEC) ilivunjwa na udhibiti wa mtihani ukakazwa. Mwishoni mwa mwaka huo waliopata A walikuwa 141. Waliopata C+ na zaidi walishuka kutoka zaidi ya 160,000 hadi 88,929.

Athari yake kwa ubashiri ni hii. Kwa kigezo cha gredi ya jumla, mtu wa kwanza mwenye A- mwaka 2015 alikuwa na watu zaidi ya 2,600 mbele yake. Mwaka 2016 alikuwa na watu 141. Gredi ni ileile, nafasi katika foleni imebadilika kabisa. Mwanafunzi wa 2016 aliyelinganisha gredi zake na vikomo vya mwaka uliotangulia alijiona ameshindwa, wakati kwa hakika alikuwa mbele kuliko alivyodhani. Tena kati ya waliostahili mwaka 2015, chini ya nusu ndio waliopangiwa shahada kwa ufadhili wa serikali, ilhali wa 2016 karibu wote walipangiwa, baadhi yao katika vyuo vikuu vya kibinafsi. Kwa kundi la pili, swali la ushindani halikuwa tena kama mtu ataingia chuo kikuu, bali ataingia kusoma nini na wapi.

Miaka iliyofuata inaonyesha mwendo wa kinyume, wa taratibu zaidi. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 70,073 mwaka 2017, 90,377 mwaka 2018, 125,746 mwaka 2019, 143,140 mwaka 2020, 145,776 mwaka 2021, 173,345 mwaka 2022, 201,133 mwaka 2023 na 246,391 mwaka 2024. Kwa uwiano, C+ ya 2017 ilimweka mwenye nayo ndani ya asilimia 11 hivi ya juu ya watahiniwa wote. Ya 2024 ilimweka ndani ya asilimia 25 hivi. Waliopata A walipanda kutoka 142 hadi 1,693 katika kipindi hichohicho. Katika mfululizo wa namna hii kosa la anayetumia kikomo cha mwaka uliopita lina mwelekeo. Daima atakuwa na matumaini kupita kiasi kuhusu programu zenye ushindani, kwa sababu kila mwaka waombaji wenye alama za juu ni wengi kuliko wa jana. Kosa lenye mwelekeo linaweza kusahihishwa, na inasikitisha kwamba ushauri unaotolewa kwa wanafunzi kwa kawaida hausahihishi.

Usahihishaji wenyewe hauhitaji hisabati ngumu. Mbashiri huacha kuuliza ni alama ngapi zilihitajika mwaka jana, akauliza mtu wa mwisho aliyepata nafasi alikuwa wa ngapi. Mgawanyo wa gredi hutangazwa kila mwaka pamoja na matokeo, na kutokana nao alama za mwaka mmoja zinaweza kugeuzwa kuwa nafasi katika foleni, kisha nafasi hiyo kugeuzwa kuwa alama za mwaka mwingine. Njia hii ina upungufu wake, kwa kuwa mgawanyo unaotangazwa ni wa gredi ya jumla na si wa kila klasta, lakini kwa jozi ya miaka kama 2015 na 2016 haiwezi kupotosha kwa kiasi ambacho ulinganisho wa alama tupu ulipotosha. Tangu upangaji wa shule na watahiniwa bora ulipoondolewa mwaka 2014, taarifa ya nafasi haitolewi kwa mtu mmoja mmoja. Sababu za uamuzi huo zilikuwa za kimalezi na zina uzito, ila zilimwondolea mwombaji kipimo ambacho hasa ndicho kinachoamua hatima yake.

Kuhama kwa kipimo mwaka 2023

Kuanzia KCSE ya 2023, gredi ya jumla hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Awali Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, somo moja la jamii na somo jingine moja ndiyo yaliyohesabiwa.

Mabadiliko haya yanaweza kuchambuliwa kwa mantiki pekee. Masomo saba ya utaratibu wa zamani ni mojawapo ya michanganyiko inayoruhusiwa na utaratibu mpya. Kwa kuwa utaratibu mpya huchukua mchanganyiko bora zaidi, t mpya haiwezi kuwa ndogo kuliko t ya zamani kwa mtahiniwa yeyote. Inaweza tu kubaki palepale au kupanda, na hupanda zaidi kwa wale waliokuwa wakivutwa chini na lugha moja au somo la lazima. Kwa hiyo sehemu fulani ya ongezeko la C+ kati ya 2022 na 2023 ni la kikanuni, na halithibitishi kuwa wanafunzi walijua zaidi. Modeli yoyote iliyojengwa kwa data za kabla ya 2023 na kutumiwa baadaye bila kukokotoa upya t inalinganisha vitu viwili visivyo sawa.

Namna ya kupima modeli

Tafiti za ubashiri hupenda kutoa kigawo cha uhusiano kati ya alama zilizobashiriwa na alama halisi, na kigawo hicho huwa kikubwa. Hilo si jambo la kujivunia. Alama za klasta zinatokana na masomo yaleyale yanayotoa gredi; uhusiano mkubwa ni wa lazima kihesabu. Kipimo chenye maana ni kile kinachowatazama waombaji waliokaribia kikomo, tuseme ndani ya alama moja juu na chini, na kuuliza ni wangapi kati yao modeli iliwaweka upande usio wao. Mwombaji aliye alama saba juu ya kikomo hahitaji modeli.

Jambo la pili ni mgawanyo wa data za kujifunzia na za kujaribia. Mtafiti akichanganya watahiniwa wa miaka yote kisha akatenga asilimia ishirini kwa kubahatisha, modeli itajaribiwa kwa watu wa miaka ambayo tayari imeiona. Katika matumizi halisi hakuna mwombaji wa namna hiyo. Jaribio la haki ni la mwaka mzima uliofichwa, na mwaka unaofaa zaidi kufichwa ni 2016. Modeli inayotumia alama tupu itaanguka hapo. Inayotumia nafasi katika mgawanyo itayumba, lakini itabaki imesimama.

Tatu, jibu linalopewa mwanafunzi liwe uwezekano, kwa maneno anayoyaelewa. Kumwambia mtahiniwa wa mfano kuwa ana alama 41.569 na kikomo kilikuwa 41.2, hivyo amepita, ni kumdanganya kwa namba sahihi. Kilicho sahihi ni kumwambia kuwa yuko karibu mno na mpaka, kwamba idadi ya wenye alama kama zake imekuwa ikiongezeka, na kwamba chaguo hilo linafaa liwe juu ya orodha yake iwapo chini yake kuna programu nyingine anayoweza kuisoma kwa moyo.

KCSE ya mwisho chini ya 8-4-4 imepangwa kufanyika mwaka 2027. Kundi linalofuata limelelewa katika mtaala wa umilisi, ambao katika tathmini ya sekondari ya chini hutumia ngazi nane badala ya gredi kumi na mbili. Ngazi zikipungua, waliofungana wataongezeka, na uzito wa kielezo kilichofichwa ndani ya ngazi utakuwa mkubwa kuliko ulivyo sasa. Hesabu ya jozi 1,755 iliyofanywa hapo juu inaweza kurudiwa kwa mfumo huo mpya mara tu idadi ya masomo na kanuni ya kuyajumlisha itakapowekwa wazi.